Kipi Hakipo?

Vitabu vya Kiingereza vilifika Mei,
barabara ilipofunguka, vimelowa,
kurasa zimegandana kama chapati za jana.
Nikavianika uani. Mbuzi wa Uulkan
akala somo la nne hadi la saba.
Kwa hiyo nafundisha kwa vitu.

Nina sinia la bati, la mama mkwe.
Nina kifungo, kijiko, ufunguo usio na kufuli,
twiga wa plastiki ambaye hapa At-Bashy
wanamwita farasi aliyeharibika,
mwanasesere wa mkono mmoja,
mfupa wa kifundo cha kondoo
uliong'arishwa na vidole vya vizazi vitatu,
kondoo wa sufi niliyemshona mwenyewe, kichwa kikubwa mno,
na meli. Ndogo, nyekundu, ya kukokota kwa kamba.
Bahari hatuna. Tuna mto,
na miezi minne mto nao ni barabara.

Kondoo mvuteni, nawaambia: shiiip.
Mvuteni kama mnamtoa zizini naye hataki.
Meli ikateni: ship. Shoka, kuni, basi.
Watoto kumi na mmoja wananitazama,
jiko linakohoa makaa,
wanajibu kwa pamoja: ship, ship,
na kondoo na meli vinakuwa kitu kimoja
chenye manyoya, kinachoelea.
Mwezi mzima hivyo.
Mkaguzi alikuja, akaandika: matamshi, bado.

Mchezo wenyewe ni huu: tazameni sinia,
nahesabu hadi ishirini, nafunika kwa shali,
geukieni ukutani, msichungulie
(Begimai, nimekuona),
naondoa kimoja, nafunua. Kipi hakipo?
Anayekitaja kwa Kiingereza anapata mfupa.
Adilet ana mifupa tisa na majivuno ya kumi.
Tilek hana hata mmoja.
Tilek husema kwa mabega.

Alhamisi ile niliondoa kifungo.
"Baton!" Adilet, kabla shali haijatua.
Nikamrushia mfupa, akaudaka.
Lakini Begimai, ambaye huhesabu hata ngazi za kwao akipanda,
akasema: ngoja, mwalimu, kuna kingine.
"Ship."
Yupo, nikasema, nikamwinua kondoo, kichwa kikalala upande.
"Si huyo. Ship."
"Ship huyu hapa!" akafoka Adilet.
"Huyo ni..." akafumba macho, akatafuta,
akavuta, akavuta hadi mshipa wa shingo ukasimama,
"huyo ni shiiiip! Iliyopotea ni ship!"

Kisha darasa zima, wakigonga madawati:
shiip yupo, ship haipo, shiip yupo, ship haipo,
sauti mbili zikimwagika mbalimbali
kama shayiri na mchanga chini ya ungo.
Mwezi mzima nimevuta mimi;
kumbe palihitajika mwizi.

Sikushangilia. Nilikuwa natazama buti.
Buti la kushoto la Tilek limevimba,
na kamba inachungulia kisiginoni.

Baba yake anapakua makontena Vladivostok,
mwaka wa tatu huu. Hupiga simu
mtandao ukipenda, na mtandao haupendi.

Nikafunika sinia. Nikasema tuishie hapo, theluji inakuja.
Alipita wa mwisho mlangoni, akichechemea,
akasimama, na bila kuulizwa
akasema neno fupi, safi, kama gogo lipasukavyo:
"Ship."
Ndiyo, nikasema. Hilo ndilo.

Ijumaa nilifika jiko halijawashwa.
Juu ya sinia, meli.
Ndani ya meli, umesimamishwa wima kuelekea dirishani,
mfupa wa kondoo. Si wangu.
Wangu hauna macho; huu umechorwa mawili
kwa wino wa bluu, na kofia.

Nikahesabu. Vyote vipo, na kimoja zaidi.
Nikavuta shali juu yake, nikawasha moto,
nikakaa kungoja watoto,
nikijaribu kukumbuka kama mchezo huu
una swali la namna hiyo.