Milimita Kumi na Mbili

Koldobika, kijana ameisafisha kazi yako.
Alikuta mstari umepinda kidogo kwenye mchoro wa msingi,
akaufuta, akachora mwingine, mnyoofu kama uzi wa timazi,
akahifadhi faili, akaenda kula.
Hakukusudia ubaya. Unax ana miaka ishirini na mmoja
na bado anaamini kilichonyooka ndicho sahihi.

Niliporudi kutoka nje, kwenye mvua yetu ya Elgoibar,
ile ambayo hainyeshi wala haikomi,
mti wa modeli ulikuwa umezaa matunda mekundu
toka shinani hadi kileleni.
Mabomba arobaini na matatu ya fremu,
ile ya mashine yetu ya kona ya mtoni,
yananing'inia hewani, hayajui yanaanzia wapi.

"Lakini mstari upo," Unax alisema. "Upo palepale, tazama."
Na kweli ulikuwapo.
Nikamwambia: kompyuta haijui palepale.
Inajua jina. Uliyemfuta alikuwa Mstari wa Saba;
huyu wako kazaliwa leo mchana, ni wa Mia Mbili na Tisa.
Kaja na sura ya marehemu,
kakaa kwenye kiti chake, mezani pake,
na watoto wanamtazama tu. Hawaji.

Kile kilichokatika tunakiita rejeo.
Miaka kumi na sita nalitamka neno hilo
na sikuwa nimelisikia:
rejeo, mahali pa kurejea.
Bomba lenyewe halijui kitu.
Limeambiwa tu, fuata ukingo fulani, koma penye uso fulani.

Bosi alipita akasema futa yote, anza upya.
Anza upya, neno tamu mdomoni mwa anayepita.
Nikaketi. Bomba la kwanza:
liachishe ukingo wa zamani, lioneshe mpya,
ligeuze, maana limejiviringisha, mgongo umekuwa tumbo,
kata kona nyuzi arobaini na tano, subiri.
Kijani.
La pili, kijani. La tatu likagoma mpaka la tisa lipone,
na la tisa lilikuwa linalingoja la tatu.
Hapo nilikunywa kahawa iliyopoa
na kutukana kwa lugha ya kuazima,
kwa kuwa bibi yangu alininyima matusi ya kwetu.

Saa tatu usiku fremu nzima ikasimama.
Hakuna doa jekundu hata moja.
Nilijiona fundi, sikufichi.

Wiki mbili baadaye Garbiñe akapiga simu kutoka karakana,
kofia ya kulehemu bado usoni,
sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa:
"Mguu wa nne unaelea. Naingiza kidole."

Nikafungua faili ya kabla ya usafi.
Nikaupima ule upinde wako:
milimita kumi na mbili, bila nukta ya ziada.
Mkono uliotetemeka haupindi hivyo.

Ulipopokea simu nilisikia nyuki.
Ukacheka. "Sakafu ilizama ule mwaka wa mafuriko,
upande wa mtoni. Nilidhani kila mtu anajua."
Kila mtu, Koldobika!
Yaani wewe, na Sabin, ambaye tulimzika mwezi Machi.

Leo nimemkalisha Unax kwenye kiti changu.
Ameupinda mstari mwenyewe.
Mabomba manne yakawa mekundu, akayarudisha moja moja,
ulimi nje kama mtoto anayetunga uzi kwenye sindano.
Kisha nikamwambia aupe mstari jina, si namba.
Akafikiri sana. Akaandika kwa herufi kubwa:
SAKFU ILIZAMA. USINYOOSHE.

Herufi moja imemponyoka.
Nimeiacha. Yapo tayari mabomba manne
yanayoujua kwa jina hilo.