Hakuna

Shamba la ushirika, Hombolo, safu mia na nne za zabibu.
Mlinzi ni mimi, Nyemo: rungu, filimbi,
na darubini ya mkono yenye jicho moja bovu
aliyoniachia Mwalimu Sekwao alipohamishiwa Kondoa.
"Usingizi ukikujia," alisema, "hesabu nyota za Nge.
Ukikuta imezidi moja, niandikie."

Nilidhani mzaha wa kuagana.
Lakini lindo ni refu na popo ni walewale,
basi nikanunua daftari la kwaya mbili,
nikauchora mkia wa Nge kwa penseli, kidoto kwa kidoto,
kila kimoja na jina nililokipa mwenyewe:
Kokwa, Ndugu Wawili, Kibiriti, Jirani wa Kibiriti.
Na kila usiku, kabla Nge hajazama,
tarehe, saa, na neno moja.

Hakuna. Hakuna. Vumbi. Hakuna.
Mwezi mkubwa, sikuona vizuri.
Hakuna. Wezi wawili, nimepiga filimbi. Hakuna.
Chibago, mume wangu, alisoma akacheka hadi akakohoa:
"Unalipwa kulinda zabibu,
wewe unaliandikia giza risiti?"

Tarehe tano Agosti, saa tatu na robo,
kando ya Kibiriti palikuwa na mtu.

Nilifuta kioo kwa upindo wa kanga.
Nikalala chali kati ya safu, udongo ungali na joto la mchana.
Kidoto, chekundu kwa mbali, kama punje inayoanza kuiva.
Hakina mkia, si nyotamkia.
Hakitembei, si ndege.
Hakiwaki na kuzima kama taa ya mnara wa simu.
Kimekaa tu,
kama mgeni aliyefika wenyeji wamelala
akaona haya kubisha hodi.

Vocha yangu ya mwisho ikaenda Kondoa.
Asubuhi jibu: Nyemo, umetanguliwa.
Mtu wa ng'ambo ya bahari, saa sita kabla yako.
Jina lake limeshaandikwa.

Sitadanganya kwamba sikuumia.
Siku hiyo nilipogoa mizabibu kama inayonidai.

Siku ya tatu simu ikalia, Mwalimu mwenyewe, anahema.
"Usiku wa tarehe nne, ulitazama?"
Nilitazama.
"Saa ngapi?"
Nikafungua daftari. Saa sita na nusu, Nge anainamia vilima.
"Pale pale? Uliona nini?"
Nikaona aibu kulisoma.
"Hakuna."

Akanyamaza, nikadhani salio limekwisha.
"Hilo," akasema, "ndilo wanalolitafuta.
Kote usiku ule palikuwa na mawingu, au watu wamelala,
au wanatazama pengine.
Wanajua ilionekana lini. Hawakujua lini ilikuwa haijaonekana.
Sasa wanajua, kwa mwandiko wako."

Akanieleza pia kwamba nyota mpya si mpya.
Ni kizee, kimepoa, kimebanana na jirani,
kinamnyonya hewa yake miaka na miaka,
kidogo kidogo, kama apitaye akidokoa punje moja,
hadi shibe inapokipasua.
Nikacheka peke yangu gizani. Kumbe mwizi!
Na wizi wenyewe ni wa zamani, kabla ng'ombe wa kwanza
hajakanyaga mbuga hizi; nuru ndiyo imechelewa njiani.
Filimbi ningempigia nani?

Mwishoni mwa Septemba kilififia.
Usiku mmoja nikakitafuta, nikahamia jicho zima, nikangoja.
Kibiriti yuko na jirani yake yuleyule wa siku zote.
Nikaandika neno langu, polepole, herufi moja moja,
chini kabisa, ukurasa wa mwisho.

Kesho yake Chibago alirudi kutoka mnadani
na chumvi, na betri za tochi,
na daftari la kwaya mbili.
Akaliweka kando ya rungu.
Hakusema kitu.