Kufuli Mbili

Stoo ya mradi ina mlango mmoja wa bati
na kufuli mbili, kama ndoa ya wasioaminiana.
Ufunguo mmoja ninao mimi, Holo, wa upande wa mnadani;
wa pili anao Nyafuru, Mjita, ng'ambo ya korongo.
Ndivyo kikao kilivyoamua:
anayetaka turubai, sharti amtafute mwenzake.
Niliguna. Nikasema, basi yataozea humo humo.

Maana mwaka ule wa nyavu kukatwa
hata chumvi hatukuombana.
Mwanangu Masalu ana kovu la panga begani.
Mume wa Nyafuru alirudi na karabai zimepasuka.
Nani alianza? Kila upande una hadithi yake,
na kila hadithi ina shahidi aliyekuwa amelala.

Zikaja chanja. Miti, misumari, wavu wa kuanikia,
safu ndefu toka kwetu hadi kwao,
dagaa wakainuliwa juu ya mchanga
mara ya kwanza tangu bibi zetu.
Tulianika tumepeana migongo.

Usiku mmoja wa Machi
ziwa likanguruma upande wa Ukerewe.
Mzigo wa siku tatu ulikuwa nje:
sare za shule, deni la kikoba, vyote vimelala chanjani.
Nikatoka bila kandambili.
Kwenye korongo miguu ikasita;
sijavuka tangu mwaka ule.
Kabla sijaamua, tochi ikanimulika usoni.
Nyafuru, mtoto mgongoni,
mkono mmoja tochi, wa pili kanga isidondoke,
ufunguo ameung'ata kwa meno.
Hakusema kitu. Angesemaje?

Nikafungua yangu, akafungua yake.
Turubai lina ncha nne, nasi tulikuwa wawili;
tukawaamsha wote, wa kwetu na wa kwao,
kwa matusi ya lugha zote tulizonazo.
Masalu alishika ncha moja
kwa mkono wa bega lile.

Asubuhi tukahesabu ndoo.
Zangu kumi na moja, zake kumi na mbili.
Akasema, hii moja ni yako.
Nikasema si yangu, kuhesabu najua.
Tukabishana hadi jua likapanda juu ya mawe,
sauti juu, mikono kiunoni,
watu wakachungulia milangoni, wameshika pumzi,
wakasikiliza,
kisha wakarudi kunywa uji.
Ni ndoo tu.