Dakika Kumi na Moja

Tangu Septemba daftari langu lina neno moja:
mawingu. Mawingu. Mawingu na upepo. Mawingu.
Tarehe tisa: nyota mbili, kisha mawingu.
Tarehe kumi na nne Nesta aliniandikia
(nilikuwa na mafua): usijisumbue.

Wako watu, mbali na hapa, husema
Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua.
Hapa Blaenau Ffestiniog huzuka kwa mvua, huzama kwa mvua,
na katikati, nasikia, hupita juu ya paa la kanisa.

Darubini niliachiwa na Emrys wa karakana ya mabasi,
aliyesugua kioo chake majira mawili ya baridi,
inchi nane, kwa mkono, akilizunguka pipa
kama ngamia wa kinu.
Mwili wake ni bomba la karatasi ngumu, la kumwagia zege.
Kurunzi yangu ni nyekundu kwa rangi ya kucha ya Nesta.
Hakuna kilichonunuliwa ila subira, na hiyo kwa mkopo.

Ninachokitafuta si kikubwa:
ukungu mdogo jirani na Farasi Mwenye Mabawa,
galaksi isiyo na jina, namba tu, kama mfungwa.
Ukiikodolea haipo. Uitazame kando,
kwa pembe ya jicho, kama mtu unayemdai
na hutaki ajue umemwona.
Hapo hujitokeza, ina haya, halafu basi.
Nuru iliyosafiri miaka milioni arobaini
inafika bondeni kwetu na kukuta mlango umefungwa.

Na yasipokuwa mawingu ni taa ya Heulwen.
Jina la jirani yangu, kwa Kiwelisi, ni mwanga wa jua,
na tangu aibiwe baiskeli analitendea haki:
taa ya ukutani, yenye kushtuka, inayowaka
paka akipita, jani likipita, wazo likipita.
Miaka mitatu hatujazungumza ila kuhusu mapipa ya taka.

Jana, saa nne na dakika ishirini usiku,
mvua ilikatika kama mtu aliyekumbuka jambo.
Nikatoka na ndara, koti juu ya pajama.
Juu ya vifusi vya mawe ya kuezekea, urithi wa babu zetu,
shimo. Shimo limejaa nyota pomoni.
Farasi mzima. Nikainama,
nikaruka nyota hadi nyota, juu kidogo, magharibi kidogo,
nikabana pumzi nisiitie ukungu lenzi

ikawaka.

Nilisema neno ambalo Nesta hulitoza faini.
Dirisha likafunguka. "Ithel? Ni wewe? Kuna nini?"
Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu mwaka juzi,
lina aya tatu na hitimisho.
Lakini alikuwa na taulo kichwani na sauti ya mtu aliyeogopa,
nami nikausikia mdomo wangu ukisema: "Zima, uje."

Alikuja na viatu vya mpira vya marehemu mumewe.
Nikaigeuza darubini kusini, nikampa Zohali.
Mwaka huu pete zake zimelala ubavu,
uzi tu, sindano iliyochoma lulu.
Akagonga bomba, ikampotea; nikamtafutia tena.
"Umebandika picha humo ndani," akasema.
Kisha Zohali ikatikisika nyuma ya hewa yenye maji
na Heulwen akanishika mkono wa koti.
"Idwal hakuiona hii."
Sikujua la kujibu. Nikafuta umande.

Dakika kumi na moja, kwa saa ya jikoni.
Galaksi yangu ilikwenda na Farasi wake, sikuiaga.
Tukasimama gizani, giza kweli, tukinusa mvua inarudi,
na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuingia.

Daftari, tarehe ishirini na mbili:
Zohali. Macho mawili, moja si langu. Mawingu.
Chini yake, mwandiko wa Nesta:
saa saba, taa ya jirani bado imezimwa.