Hela ya Kuonyeshwa

Kiinua mgongo, wamekiita,
na mgongo wenyewe hauinuki siku hizi
mpaka nishike ukingo wa meza.
Kikokotoo kilikokotoa, kikabakiza kilichobaki.
Nikampigia Nambunga, dalali wa Chuno,
yule mwenye namba ya simu kwa rangi nyekundu
chini ya kila ukuta ulioandikwa NYUMBA HII HAIUZWI.

"Elfu kumi ya kuonyeshwa, mama. Hairudi."
Nikatoa. Miaka thelathini na moja
nimepima korosho ghalani, hapa hapa Mtwara;
gunia halipimwi kwa macho
na mwenye gunia hakosi neno.

Ya kwanza, Mangamba. "Dakika tano toka lami."
Dakika tano za nani?
Za pikipiki yake, tena kwenye mteremko.
Ya pili, vyumba sita, kila chumba na choo chake,
ilijengwa mwaka ule wa gesi
kwa wapangaji ambao hawakuja.
"Utapangisha, mama."
Nimpangishe nani? Popo wameshahamia, na hawalipi.
Ya tatu ina ngazi.
Nikazitazama, zikanitazama. Kumi na moja.
Tukaachana bila kuagana.

Ghalani, mzigo ukifika, tulichota korosho kidogo,
tukazipasua moja moja kwa kisu,
tukahesabu nyeupe, tukahesabu mbovu,
ndipo bei ikatajwa.
Basi nikaanza kumpasua Nambunga.
Mwenye nyumba ana ndugu wangapi?
Maji hutoka siku gani?
Mvua ya Januari husimama wapi?
Akijua, alijibu. Asipojua, alijifuta jasho.
Nami nikahesabu.

Ya nne niliipenda, Mungu anisamehe, kabla sijaingia.
Ndogo. Baraza lina kivuli tangu saa saba,
mlimao uani, dirisha la jikoni linatazama njia
nimwone anayekuja kabla hajaniona.
Nimeshaanza kupanga makochi kichwani
Nambunga akavua kofia.
"Bi Somoe," mara ya kwanza kunitaja jina,
"hii usinunue.
Hati ina jina la marehemu. Watoto saba,
waliosaini wawili.
Na mimi nimeahidiwa cha juu."
Akakitaja kiasi. Kilizidi mshahara wangu wa mwisho.

Sikumuuliza kwa nini.
Labda ana mama. Labda aliona
nilivyoushika ule mlimao.

Ya tano ndiyo hii. Haina mlimao.
Bati lina kutu upande wa choo,
jirani anafuga bata wasiojua usiku.
Lakini karatasi zake nilizipasua zote, nyeupe,
na siku ile Nambunga aliegesha pikipiki
akatembea nami toka mlangoni hadi hospitali ya Ligula
kwa mwendo wangu, tukipumzika mara mbili,
simu mkononi, akitazama saa.
"Dakika ishirini na sita," akasema.
Hakupunguza hata moja.

Nilimlipa asilimia yake mbele ya mwenyekiti wa mtaa.
Akazihesabu. Akazihesabu tena.
Sikukasirika; hata mimi ningehesabu.
Kisha akavaa kofia, akauliza
kama namfahamu mwingine
anayestaafu mwaka huu.