Nani Kala Uniti?

Jumamosi, kabla ya chai,
Bi Chausiku alipiga milango yetu yote sita
kwa kisigino cha kandambili.
"Jumatano tumechanga. Jumatano hii hii.
Uniti ishirini, risiti ninayo.
Leo mita inalia kama kifaranga.
Nani kala?"

Tukatoka uani. Mwananyamala, ua mmoja, mita moja,
vyumba sita, kila chumba na siri yake ya soketi.
Macho yalianza kwa Kasanzu, mlinzi wa benki,
anayepiga pasi mpaka soksi.
Yakahamia kwa Tunu wa barafu za ubuyu,
kwenye friji lake linalofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Yakatua hapo. Yakakaa.
Kwangu hayakufika.
"Huyu ni wa kompyuta," Kasanzu alinitetea,
"kompyuta inakula nini? Kitaa kile tu cha kijani."

Nikanyamaza.
Tunu akaingia ndani, akachomoa waya.

*

Mashine yangu niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe,
imeshuka na kontena, ubavuni ina karatasi
ya shule fulani, kwa lugha nisiyoweza hata kuitamka.
Fundi Ngwada aliipuliza vumbi, akaipigapiga kama tikiti:
"Haijazeeka hii. Kilichochakaa ni subira ya mwenyewe."
Nikajiona mwema. Nimeokoa chuma kisiende dampo la Pugu.

Lakini chuma ni nusu ya habari.
Nusu ya pili niliiandika mwenyewe, usiku, kwa haraka:
majina elfu sitini ya wateja wa maji, daftari la zamani,
majina elfu sitini, daftari jipya,
na amri moja ya kivivu:
kila jina likabishe hodi kwa kila jina.
Ndiwe? Siye.
Ndiwe? Siye.
Hodi bilioni tatu na ushei,
siku tatu, usiku na mchana, feni ikikohoa,
nami nimelala, najisifu mashine inachapa kazi.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa.
Hakuna aliyetufundisha
kwamba haba na haba hukitoboa pia.

*

Jumapili maji mekundu yalipita mlangoni kwangu
yakielekea mtaroni. Ubuyu wa Tunu.
Mifuko mia mbili.
Alikuwa kwenye kigoda na daftari la wadeni.
Mtoto akaja na mia tano: "Ya mama Wandao."
Hakupekua. Kidole kilikwenda moja kwa moja:
W ina ukurasa wake, na M, na K.
Akakata jina, akafunga.
"Mbona upesi hivyo?"
"Kwani nina siku ngapi za kuishi?"

Nilirudi ndani, nikafuta mistari kumi na minne.
Panga majina kwanza, kisha tafuta.
Basi.
Dakika mbili, na feni haikupata hata muda wa kusafisha koo.

Nilikaa nikilitazama jibu
kama mwizi anayegundua hakukihitaji alichoiba.
Nikawaza yale majumba ya mbali yaliyojaa mashine,
yanayopozwa kwa maji ya mto wa watu,
ambako kazi zangu nyingine zinakesha zikipiga hodi
kwenye milango nisiyoiona.
Huko pia pana ua. Huko pia pana mita.
Ni Tunu gani huko amechomoa friji?

*

Jioni nilimpelekea elfu ishirini.
Akazihesabu, akanitazama.
"Za barafu? Hukununua."
"Za hodi," nikasema.
Hakuelewa. Nikamweleza mpaka mwisho,
pamoja na Jumamosi niliponyamaza.
Alisikiliza huku akisuuza ndoo.
Kisha akarudisha waya ukutani, akasema bila kugeuka:
"Kwa Bi Chausiku utajieleza mwenyewe.
Na upige hodi mara moja."