Sahani ya Hansaben

Kipande kimoja tu, chenye umbo la almasi,
laini kama sabuni mpya,
juu yake karatasi nyembamba ya fedha.
Nikadhani ni maziwa.
Somoe akadhani ni zawadi, na kweli ilikuwa zawadi:
Diwali, Leicester, mtaa mzima unawaka,
jirani amegonga mlango na sahani ya maua ya bluu.

"Mama, ulimi wangu una nywele."
Ndivyo mtoto wa miaka sita anavyolisema
lile ambalo karatasi za hospitali hulipa jina refu.
Kisha midomo ikaumuka kama maandazi mafutani,
mabaka mekundu yakapanda shingoni,
kisha kikohozi kile, kikavu, cha kitoto cha mbwa,
kilichoniondolea damu miguuni.

Nilijifunzia kwenye chungwa.
Muuguzi alinipa kalamu ya mazoezi, isiyo na sindano,
nami kila Jumapili nikichoma chungwa jikoni.
Chungwa halilii.
Chungwa halikuulizi, "Itauma?"

"Itauma," nikamwambia. "Hesabu na mimi."
Nikamlaza sakafuni, miguu juu ya mto wa kochi
(asisimame, walisema, hata akitaka choo asisimame),
nikang'oa kifuniko,
nikakandamiza pajani, juu kwa juu, palepale kwenye suruali ya shule.
Ikalia *ta*.
Moja. Mbili. Tatu akaitaja yeye.
Mkono wangu haukutetemeka. Ulisubiri simu,
ulisubiri nitakiwe kutaja namba ya nyumba,
ndipo ukatetemeka, nikataja ya nyumba tuliyohama,
hapana, samahani, thelathini na moja, mlango wa kijani.

Dakika tano ni ndefu kuliko mimba.
Nilizitazama kwenye saa ya jiko,
kalamu ya pili mkononi,
kifua chake kikipiga filimbi
na nje fataki zikilipuka, watu wakishangilia.
Filimbi ikashuka. Ikawa pumzi.
Ikawa kilio,
na sijapata kusikia kilio kitamu kama kile.

Korosho.
Kati ya vyote vilivyoota duniani, korosho.
Ada yangu ya sekondari ilikuwa korosho,
bati la nyumba yetu Newala, baiskeli ya baba.
Msimu ukiharibika tulikunywa uji bila sukari.
Bibi alibangua kwa jiwe,
mafuta ya ganda yakambabua vidole,
akavipaka majivu, akaendelea.
Sisi tulikula zilizovunjika.
Nzima zilikwenda Lindi, kwenye mizani ya watu.

Wodini, karibu na alfajiri, mashine ikihesabu badala yetu,
Somoe akanivuta sikio, akanong'ona kama mwizi anayeungama:
"Lakini ilikuwa tamu."

Tuliporudi, Hansaben alikuwa ameketi kwenye ngazi yetu,
koti la mumewe juu ya sari, viatu mguu huu na huu tofauti.
Alizaliwa Lindi. Kiswahili chake kimebaki huko,
kimekaa miaka hamsini bila kuzeeka.
"Mama Somoe, mimi mtu mzima ovyo. Sikuuliza."
Nilikuwa na maneno. Usiku kucha nilikuwa nimeyanoa.
Nikayatafuta, nikakuta moja tu, nalo ni langu mwenyewe,
la jana saa kumi na mbili jioni, pale mlangoni:
*Chukua kimoja, mwanangu. Sema asante.*

Tukasimama. Gari la takataka likapita.
Somoe, amelala begani mwangu, akakohoa, sote wawili tukaruka;
kikohozi cha kawaida tu, cha baridi ya Novemba.

Kwetu sahani hairudi tupu.
Nimeiosha mara tatu, kwa maji ya moto na sifongo mpya,
sifongo nikaitupa.
Leo jioni nitaipeleka nyumba ya pili,
machungwa manne juu yake,
hayajachomwa.